Simu ya Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi

Kitu cha kwanza alichokiona fundi ni mkono wa kushoto wa yule mteja. Uliingia mfukoni, ukatoka na simu, ukaipandisha mpaka sikioni. Ndipo simu ikalia.

Fundi alisimamisha cherehani. Alidhani macho yamemdanganya. Ilikuwa jioni, na huko chini ya jengo la mafundi taa zilikuwa hazijawashwa zote. Vyerehani ishirini vilinguruma kwa pamoja, watu walisukumana kati ya marobota ya vitambaa, na mama mmoja alikuwa anamfokea fundi wake kwa gauni lililokataa kupita kiunoni. Katikati ya makelele hayo mwanamume yule alisimama wima kama mtu anayesomewa wosia.

"Daktari anakusikiliza," alisema.

Alinyamaza. Hakuuliza kitu, hakujibu kitu. Muda wa kuhesabu mpaka ishirini ulipita, akaishusha simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na dakika kumi na moja.

"Samahani," akamwambia fundi. "Tulikuwa kwenye vifungo."

"Viwili vimekatika," fundi akasema. "Vua koti."

Alivua. Ndani alivaa shati la buluu lililopigwa pasi vizuri, ila kola ilikuwa imelika. Macho yalikuwa mekundu. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kamba ya kahawia, na ilionekana mwenyewe hajui.

Fundi huyu alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, amevaa gauni la kijani lenye maua madogo alilojishonea mwenyewe, na futi ya kupimia shingoni. Jengo zima lilimwita Kimya. Wateja wapya walidhani ni bubu. Jirani yake wa cherehani cha pili, mama mnene mwenye rangi nyekundu ya midomo, aliitwa Redio, kwa sababu hakuzimwa tangu asubuhi mpaka jioni.

"Dokta, huyo haongei," Redio akadakia. "Ukitaka maneno njoo kwangu. Ukitaka mshono, nenda kwake."

"Maneno nayasikia kutwa nzima," daktari akajibu. "Leo nipeni mshono."

Kimya alicheka bila kutoa sauti. Daktari aliona, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasahau kwamba amechoka.

Alipokuwa anavaa koti aliuliza, "Nipe namba yako, nikuulize kama vifungo vimekwisha."

"Vimekwisha. Si hivi umevaa."

"Basi nikuulize kama vitadumu."

Redio alipiga kofi mezani. "Mpe, mpe! Kabla sijampa yangu!"

Kwenye simu Kimya alikuwa mtu mwingine. Pengine ni kwa sababu simu haina uso. Daktari alimpigia mchana, saa ambayo wagonjwa wa asubuhi wamekwisha na wa jioni hawajaja.

"Haloo, Fundi?"

"Abee."

"Vifungo vinakusalimia."

"Vimelala salama?"

"Kimoja kinalalamika. Kinasema kimekukumbuka."

"Kimeze dawa kilale."

"Dawa gani?"

"Wewe ndiye daktari, mimi nashona tu."

Miezi mitatu ikapita hivyo, kwa simu za mchana na kwa matembezi ya jioni yasiyofika mwisho. Yasifike mwisho kwa nini? Kwa sababu kwenye mlango wa zahanati ya daktari palipakwa rangi maneno haya: Baada ya saa za kazi piga namba hii. Namba ilikuwa yake. Hakuwa na msaidizi wala zamu. Miaka sita alikuwa yeye na simu, simu na yeye.

Wakikaa kwenye benchi la bustani, simu inalia. Mtoto ana homa. Wakiagiza chai, simu inalia. Mzee amesahau kama amemeza kidonge cheupe au cha njano. Siku moja mwanamke alipiga akasema, "Dokta, mume wangu leo anakoroma tofauti na jana."

"Tofauti vipi, mama?"

"Jana kama pikipiki. Leo kama lori."

Kimya alicheka mpaka machozi. Lakini kila mara daktari alipoinuka na kumtazama kwa macho ya kuomba radhi, alimwambia neno lile lile: "Nenda." Akabaki na vikombe viwili.

Na kila jioni, popote walipokuwa, ule mkono wa kushoto ulipanda kabla ya mlio. Kimya aliacha kushangaa, akaanza kuogopa. Jioni moja jengo lilikatika umeme, vyerehani vyote vikazima kwa mpigo, na katika giza lile akaona mwanga wa simu umeshafika sikioni mwa daktari, kisha ikalia. Hakuuliza. Kuuliza kulikuwa kugumu kwake kuliko kushona suti ya arusi.

Mtu wa kwanza kumweleza hali ya daktari alikuwa nesi wa zahanati. Alikuja na sare yake ya kazi imembana, akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Kimya? Nipanulie hapa kwapani, mwanangu, na unisikilize. Mtu wako anakufa kwa usingizi."

Kimya aliinua uso.

"Madaktari watano wa mitaa hii wamekubaliana kugawana zamu," nesi akaendelea. "Wagonjwa wote namba moja. Nesi anapokea kwanza, analipima neno. La kesho analiacha kesho, la sasa anampigia daktari mwenye zamu. Kila daktari anabeba wiki moja, kisha wiki nne anazima simu analala kama binadamu. Wanne wameshatia saini. Bado wa kwetu."

"Na asipotia?" Kimya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuna kampuni ya kukodi. Unapiga, mashine inakwambia bonyeza moja kama una homa, bonyeza mbili kama unakata roho. Hiyo hata mimi siitaki. La sivyo abaki alivyo, abebe simu peke yake mpaka simu imbebe yeye. Wenzake wanamsubiri mpaka mwisho wa mwezi, halafu wanaanza bila yeye."

Aliinama karibu. "Juzi kamwandikia mtoto dawa kwa kipimo cha mtu mzima. Nimeikamata dirishani, nikaichana. Safari hii niliona. Lakini mimi nina macho mawili tu, na moja daktari wa macho analitaka. Zungumza naye, mwanangu. Sisi hataki kutusikiliza."

Kesho yake Kimya alikwenda zahanati saa za kufunga, kwa kisingizio cha kupima mapazia. Chumba cha kusubiria kilikuwa kitupu. Viti kumi na vinane vilipangwa ukutani, harufu ya spiriti ilikuwa bado mbichi, na juu ya mlango saa ilikwenda kwa kelele kubwa kuliko umbo lake. Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, koti mwilini.

"Kwa nini hutaki kutia saini?" Kimya aliuliza. Alikuwa amelikariri swali njia nzima.

Daktari aliinua macho. Aliitazama saa. Zilibaki dakika mbili.

"Kaa hapa, Fundi. Utasikia mwenyewe."

Alikaa. Mkono wa kushoto ulipanda. Simu ikalia. Daktari akasema maneno yake mawili, kisha akamwekea Kimya simu sikioni.

Ilikuwa pumzi. Pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi akasimama kupumzika. Nyuma yake maji yalidondoka: tone, kimya, tone. Kimya alitaka kusema haloo, ulimi ukakataa. Kisha ikakatika. Alipojifuta sikio vidole vilitoka na unyevu. Akajiambia ni jasho.

"Nani huyo?"

"Mgonjwa wangu. Bibi mmoja, moyo ulikuwa unamsumbua. Alifariki miaka mitatu iliyopita."

Saa iliendelea na kelele zake.

"Jioni aliyofariki alinipigia saa hii hii," daktari akasema. "Nilikuwa naoga. Nilipotoka nikaona amepiga mara moja. Nikampigia, haikupokelewa. Nilipofika kwake wameshamfunika. Wiki mbili baada ya mazishi namba yake ikaanza kupiga. Kila siku, dakika ile ile. Zamani ilikuwa pumzi tu. Siku hizi kuna na maji."

"Ana watu? Ana mume?"

"Mume yupo. Nimwambie nini? Mzee, nilioga mkeo akafa, na sasa ananipigia? Hata mtaa wao siupiti." Alishusha sauti. "Nikitia saini, namba itahamia kwa nesi. Atapiga, atapokelewa na mtu asiyemjua. Nilimkosa mara moja, Fundi. Siwezi kumkosa mara mbili."

Kimya alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Alijua sasa anagombania mtu na nani, na kwamba mpinzani huyo hali, halali, hazeeki.

Wiki iliyofuata mfuko wa kushoto wa koti ulichanika. Kimya alilichukua siku ya Ijumaa akashona mfuko mpya wa blanketi zito, mkunjo juu ya mkunjo.

"Mbona mnene hivi?" daktari aliuliza akiupapasa.

"Usichanike tena," Kimya akasema.

Jumapili Kimya alimpeleka daktari nyumbani kwa mama yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, sakafu imesuguliwa mpaka inateleza, viti vina vitambaa vya kufuma. Mama alikuwa mjane mchangamfu aliyempa binti yake macho lakini akabaki na maneno yote mwenyewe.

"Karibu, baba, karibu. Wewe ndiye unayekimbia chai? Nilidhani binti yangu kachumbiwa na mtu, kumbe na kampuni ya simu!"

"Shikamoo, mama. Leo sikimbii."

"Marahaba. Tutaona. Hapa tunawekeana dau."

Daktari alilitundika koti nyuma ya mlango, akala mkate, akanywa chai vikombe vitatu, akacheka kwa hadithi za utoto wa Kimya, jinsi alivyojificha kabatini siku nzima kwa sababu mgeni alimuuliza jina. Saa kumi jioni alilala pale pale kitini, kichwa kimeanguka begani. Mama akamfunika miguu kwa khanga.

"Muache," alinong'ona. "Huyu hajalala tangu azaliwe."

Kimya alikuwa anashona pindo kwa mkono. Saa kumi na mbili na dakika kumi, mkono wa kushoto wa daktari uliinuka. Alikuwa usingizini, macho yamefumba, lakini mkono ulipanda polepole mpaka sikioni, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Midomo ikatikisika. Nyumba ilikuwa imetulia, hakuna mlio uliosikika. Mkono ukabaki pale juu muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kisha ukashuka mapajani.

Mama alijishika kifua. Kimya alimtazama mpenzi wake, kisha akaitazama sindano.

Daktari aliamka saa moja na nusu usiku. Alikwenda moja kwa moja kwenye koti. Walimwona anachimba mfukoni kama mtu anayetafuta kitu matopeni.

Simu tatu zilikuwa zimepita. Moja ya dakika kumi baada ya saa kumi na mbili. Mbili za baba mmoja ambaye mtoto wake ana pumu. Daktari alimpigia papo hapo.

"Yuko hospitali kubwa, Dokta," sauti ya yule baba ilisikika mpaka kitini. "Wamempa hewa, anaendelea vizuri. Lakini nilikupigia, Dokta. Nilikupigia!"

Daktari alikata simu akaishika kwa mikono miwili.

"Umeshona nini humu, Fundi?"

"Mfuko."

"Huu si mfuko. Hili ni kaburi."

"Dokta..."

"Nijibu. Ulikusudia?"

Kimya alifungua kinywa. Mama akamtangulia.

"Akusudie nini? Mwanangu huyu? Kakushonea kwa mapenzi, wewe unamjia na maswali ya polisi!"

"Nimemuuliza yeye, mama."

Lakini Kimya alikuwa ameinamisha kichwa, na chozi limeshadondoka kwenye pindo. Daktari alivaa koti, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Simu za mchana zikakoma. Redio alivumilia siku mbili.

"Hujapigiwa?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Na wewe hujapiga? Mdomo umeushona pia? Mwenzangu, mwanaume siyo nguo, ukimtundika msumarini anaondoka!"

Siku ya tatu nesi alikuja kuchukua sare. Hakuketi.

"Ile simu yake ya jioni haipigi tena," alisema. "Tangu Jumapili. Kila siku anakaa pale kwenye viti, ameishika sikioni, haiiti. Jana nimerudi kuchukua mwavuli, nimemkuta anaongea nayo. Anasema, 'Nisamehe, nisamehe, nilikuwa nimelala.' Mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Mimi sasa namwogopa."

Kimya alizima cherehani. "Yule bibi wa moyo, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, alikuwa anakaa wapi?"

Lilikuwa jengo la ghorofa tatu, rangi imebanduka, ngazi nyembamba zenye giza mchana. Kimya alipanda akiwa anasikia pumzi zake mwenyewe, na alipofika juu akasimama kupumzika. Pumzi ile aliitambua. Ndiyo aliyoisikia kwenye simu. Nusura ateremke.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Mzee mrefu mwenye suruali iliyonyooka alimtazama, akaiona futi shingoni.

"Nguo za nani, mjukuu wangu? Mimi sijashonesha."

"Shikamoo, babu. Nimekuja... natoka kwa daktari."

Uso wa mzee ulibadilika. Alimpisha.

Chumba kilikuwa kisafi. Viti viwili vilitazamana mezani, na mbele ya kile kisichokaliwa palikuwa na kikombe kimefunikwa. Kimya alitega sikio kusikia matone. Hapakuwa na sauti.

"Ameshajua ni mimi?" mzee akauliza. "Amekasirika?"

"Ni wewe, babu? Wewe ndiye unayepiga?"

Mzee aliketi. Alisema huku anaikunjua na kuikunja leso.

"Jioni ile mke wangu hakupiga simu. Nilikwenda jikoni kumletea maji ya dawa. Niliporudi ameshaondoka, mkono umeanza kupoa. Nikachukua simu yake nikampigia daktari. Sikutaka aje amponye. Nilitaka mtu aniambie kwamba ni kweli. Ikaita mpaka ikakatika. Basi jioni zote nikawa naisikia ile simu inaita, inaita, haipokelewi. Nikasema ngoja nijaribu tena. Nikapiga, kijana akapokea. Akasema, 'Daktari anakusikiliza.' Nikakata, nikalala usingizi. Miaka mitatu nimelala kwa maneno yale mawili, mjukuu wangu. Sikujua la kumjibu, na kuacha nikashindwa."

Machozi yalimjaa Kimya. Alitoa simu yake. Maishani mwake hakuwahi kumpigia daktari yeye kwanza.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyezama.

"Dokta, ni mimi. Niko kwa mume wa yule bibi."

"Fundi, toka huko..."

"Hakuna aliyekupigia akafa. Alikuwa ameshakufa. Panda ngazi uje umsikie mwenyewe. Nakusubiri, sitoki."

Alikuja na koti la kazini, anahema. Mzee alimweleza yote tangu mwanzo, na alipofika kwenye mkono uliokuwa umepoa, daktari alifunika uso. Mabega yalitikisika. Mzee alimpigapiga mgongoni kama anayemlaza mtoto.

"Kijana, miaka yote hii ulidhani umemuua? Na mimi niliyedhani nakusumbua usingizi! Tungeonana siku ya mazishi tukaongea, tusingefanyiana haya."

Daktari alijifuta macho. "Sasa hivi kwa nini umeacha, mzee? Ni kwa sababu Jumapili sikupokea?"

"Jumapili ipi?"

"Jumapili hii. Ulipiga, nilikuwa nimelala."

Mzee alimtazama kwa mshangao. Aliinuka, akafungua droo, akatoa simu ya zamani. Betri ilikuwa imevimba mpaka kifuniko cha nyuma kimebanduka. Laini ilikuwa pembeni, ndani ya bahasha.

"Iliharibika mwezi umepita na siku kadhaa. Nikaona aibu kununua nyingine kwa kazi hiyo. Nikaiacha."

Kimya alihesabu moyoni. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu alipokaa kwenye chumba cha viti kumi na vinane, pumzi ile sikioni.

"Babu," alinong'ona, "bomba lako la jikoni linavuja?"

"Bomba? Mke wangu alilalamika mwaka mzima linamnyima usingizi. Nililitengeneza wiki aliyofariki. Halijadondosha tangu hapo. Nenda katazame."

Hawakwenda. Waliitazama tu simu iliyovimba, mpaka mzee alipoirudisha kwenye droo na kuisukuma kwa vidole viwili, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Wakishuka ngazi daktari alimshika Kimya mkono kwa nguvu. Hawakulizungumza jambo lile, si siku ile wala baadaye. Yako maswali ambayo ukiyapatia jibu unahama nyumba.

Kesho yake alitia saini. Nesi wa zahanati alisimama nyuma ya kiti mpaka akaona wino umekauka. Maneno mlangoni yakafutwa, ikapakwa namba mpya ya madaktari watano. Mzee akawekewa kiti chake kila Jumatano asubuhi, azungumze na daktari uso kwa uso, awe anaumwa au haumwi. Wiki ya kwanza ya zamu ilimwangukia daktari mwingine.

Jumatatu jioni daktari alifika jengo la mafundi amenyoa, amevaa shati jeupe jipya lililobaki na alama za mikunjo ya dukani. Alikuwa amelala siku mbili. Alionekana mdogo kwa miaka mitano.

"Huyu nani?" Redio akapiga kelele. "Tumeletewa mdogo wake?"

"Mama, niazime jirani yako nusu saa."

"Mchukue jumla! Mimi nabaki na vyerehani vyote viwili."

Walikaa kwenye ngazi za nje, mahali upepo unapopita. Saa kumi na mbili na dakika kumi ilikuja ikaenda. Mkono wa daktari ulikuwa ndani ya mkono wa Kimya, na ulipotaka kuinuka Kimya aliusikia, akaubana, ukatulia.

"Nilikuonea, mpenzi," daktari alisema. "Jumapili ile. Kosa lilikuwa la kitambaa, hasira nikakutupia wewe. Mtu angeniuliza mimi swali lile mbele ya mama yangu, nisingemsamehe."

Kimya alitazama viatu vyake. Kamba zote mbili zilikuwa nyeusi.

"Sina maneno mazuri kama Redio," daktari akaendelea. "Nina hesabu. Kati ya kila wiki tano, nne ni zako. Zote, mchana na usiku. Nataka nizilete nyumbani kwa mama yako, nikuombe kwa heshima. Unakubali, laazizi?"

"Na ile ya tano?"

"Ya tano univumilie."

Alicheka, akangoja. Ndani ya jengo vyerehani vilikuwa vinazima kimoja kimoja. Kimya alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imeshafika kinywani, tamu, tayari. Lakini chini yake palikuwa na neno jingine lililotangulia, na alijua akilimeza hilo atalisikia kila jioni, dakika ile ile, maisha yake yote.

"Nitakujibu," alisema. "Ila kwanza unisikilize. Jumapili ile mama ndiye aliyekujibu. Mimi sikukujibu."

"Yamekwisha hayo, Fundi."

"Hayajaisha." Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Yule mtoto wa pumu sikumfikiria hata kidogo, na nimekwenda kwa baba yake kumwomba msamaha, amenikubalia. Niliyemfikiria ni yule marehemu. Nilikuwa namwonea wivu. Ile Ijumaa niliweka simu yangu ndani ya blanketi, nikamwambia Redio anipigie. Ikasikika. Nikaongeza mkunjo. Akapiga, ikasikika kwa mbali. Nikaongeza mwingine. Mara ya tatu akapiga, sikusikia kitu, Dokta. Ndipo nikashona."